Tangazo la Tatu

Jina langu lilisomwa kanisani nikiwa nimesinzia, na mpaka leo naona aibu kukiri.

Lakini msinihukumu. Nilikuwa nimefika Mwazye jana yake jioni, baada ya ndege mbili, treni mpaka Tunduma, basi la kutwa nzima mpaka Sumbawanga, na kipande cha mwisho nyuma ya lori la mahindi, nimejifunika khanga tatu na bado natetemeka. Baridi ya Juni huku kwetu Ufipa haina huruma na mtu aliyetoka mbali. Mama alinipokea, akanipa ugali wa ulezi na samaki wa migebuka, nikala, nikalala. Asubuhi nikaamshwa kwa ajili ya misa ya kwanza. Hakuna aliyepata nafasi ya kuniambia neno, na mimi pia nilikuwa na langu ambalo sikumwambia mtu.

Basi, baada ya komunyo, Padri Alfonsi akasimama na daftari lake la matangazo. Akataja jumuiya yenye zamu ya usafi. Akataja maksai mwekundu aliyepotea upande wa mtoni. Kichwa changu kilikuwa kinaangukia bega la Mama. Kisha nikasikia:

"Tangazo la ndoa, mara ya pili. Beda Mboje, mwana wa Shigela, wa Milanzi, Sumbawanga, anakusudia kufunga ndoa na Hilaria, binti wa Gaudensi, wa hapa Mwazye. Mwenye kujua kizuizi chochote amwone paroko kabla ya Jumapili ijayo."

Usingizi ukaruka wote.

"Mama," nikanong'ona, "mara ya pili? Ya kwanza ilisomwa lini?"

"Jumapili iliyopita. Kwani baba yako hakukuandikia?"

"Hakuniandikia."

"Aliandika. Labda mmepishana njiani. Nyamaza, watu wanatuangalia."

Walikuwa wanatuangalia kweli, na wanatabasamu. Nikainua macho, nikatazama upande wa wanaume. Alikuwa benchi la tatu, koti la kijivu limembana mabegani, mrefu kuliko wote waliomzunguka. Mboje wangu. Miaka miwili nilikuwa naishi na picha yake ndogo ya pasipoti, na ile picha ilikuwa imemwonea. Akageuka. Macho yetu yakakutana, na moyo wangu ukafanya kile ulichozoea kufanya kila nilipomwona, ukasahau kazi yake. Nilimpenda mtu yule. Nalisema mapema ili yatakayofuata yasieleweke vibaya.

Maana kwenye mfuko wa sweta langu, imefungwa kwa leso, kulikuwa na kadi iliyosema kwamba mimi, Hilaria Gaudensi, nimeruhusiwa kufanya kazi Marekani mwaka mmoja baada ya kuhitimu, kuanzia tarehe mosi Julai 1996. Ilikuwa tarehe ishirini na tatu Juni.

*

Baada ya chakula cha mchana Baba alisema niende na mkwe wake nikaone jozi ya maksai waliokuwa wanafundishwa kuvuta jembe. Baba yangu ni katekista. Kutuacha tutembee wawili mchana kweupe, bila mdogo wangu yeyote wa kutusindikiza, ilikuwa heshima kubwa. Mtu huyo huyo, miaka mitatu nyuma, alimwambia Mboje kwamba hawezi kumwoza binti yake kwa mfugaji asiyejua hata kufanya ishara ya msalaba.

Tulipita shamba la ulezi lililokwisha vunwa, hatukushikana mikono. Upepo ulikuwa unapiga nyasi kavu. Pale mbele ya zizi nikamwambia, "Mwadila," salamu pekee ya Kisukuma niliyoijua.

Akacheka. "Mwadila. Hukuisahau."

"Nisahau vipi? Nilikuwa nawasalimia nayo majirani zangu kule. Walidhani ndiyo Kiswahili."

Akacheka tena, kisha akaniangalia sana, bila haraka, kama anayehakikisha kuwa niliyerudi ni yule yule. Duka lake la dawa za mifugo pale Milanzi lilikuwa limempa sauti ya upole ya mtu aliyezoea wateja, lakini mikono ilikuwa ile ile, mipana, yenye kovu la kamba kwenye kidole gumba.

"Umekonda," akasema.

"Na wewe umebatizwa. Nikuite nani sasa, Beda?"

"Kanisani Beda. Hapa niite unavyopenda." Akaegemea uzio wa zizi. "Ilikuwa Pasaka. Nilitamani ungekuwepo. Miaka miwili ya mafundisho nimekaa benchi moja na watoto wa darasa la pili, Hilaria. Wananicheka kwa sababu magoti yangu yanagonga dawati. Siku ile niliwatafuta wote wanaonihusu, nikawaona, isipokuwa wewe."

Nilikuwa nimeisoma barua yake ya kunieleza ubatizo ule kwenye ngazi za maktaba ya chuo, nikalia hadi mzungu mmoja akaniletea glasi ya maji.

"Baba alitusomea barua yako ya Machi," akaendelea. "Uliandika visa yako inaisha katikati ya Juni. Akasema, basi, binti anarudi moja kwa moja. Akaenda kwa padri. Na mimi nilikuwa na barua yako nyingine, ile uliyosema ukimaliza masomo tufunge ndoa. Tukahesabu Jumapili, tukaona zinatosha. Harusi tarehe kumi na tatu Julai."

Hapo ndipo nikalielewa kosa, na kumlaumu mtu haikuwezekana. Kwetu mtu akiambiwa kibali chake kimeisha, anafunga mizigo. Ukienda Zambia kupitia Kasesya wakakupa wiki mbili, ni wiki mbili. Nani angejua kwamba kwa wale wenzetu visa ni jambo moja na kukaa ni jambo jingine?

Nikatoa leso mfukoni, nikaifungua. Akaipokea kadi kwa vidole viwili.

"Hii picha," akasema baada ya kuitazama, "mbona wamekupiga sikio?"

"Ndiyo sheria yao. Sikio la kulia lionekane."

"Sisi ng'ombe tunawatia alama sikioni ili wasipotee." Alisema kwa utani, lakini hakutabasamu. "Ni ya nini?"

Nikamweleza. Nilikuwa nimeyafanyia mazoezi maelezo yale tangu juu ya Atlantiki, na bado yalitoka vipande vipande. Nikamwambia visa ni ya kukuingiza mlangoni tu, ikiisha ukiwa ndani hakuna anayekufukuza, mradi karatasi zako za chuo ni nzima. Nikamwambia aliyehitimu anapewa mwaka mmoja wa kufanya kazi, tena kazi ya kile alichosomea, si kuosha vyombo wala kulea watoto wa watu. Mimi nilikuwa nimesomea udongo, na maabara ya udongo ilikuwa imenipa barua ya ajira.

"Mwaka mmoja kuanzia lini?"

"Jumatatu ya wiki ijayo."

"Ukichelewa, wanakusogezea?"

"Hapana. Siku iliyopotea imepotea."

"Na kwa kuwa umetoka nje ya mlango?"

Nilimpenda kwa swali lile. Alikuwa anaumia, lakini akili yake ilikuwa inafuata njia hatua kwa hatua, vile vile inavyofuata ugonjwa wa ndama. "Lazima nipite ubalozini Dar es Salaam, wanigongee visa mpya. Nina miadi tarehe tano. Nikitoka hapa Jumatatu ile nitawahi."

"Jumatatu baada ya tangazo la tatu."

"Ndiyo."

Akanirudishia kadi. Maksai mmoja akaja akanusa mkono wake, akamkuna shingoni bila kumwangalia.

"Na tukifunga ndoa kwanza, nikakufuata?"

"Mume anaruhusiwa kuja. Kufanya kazi haruhusiwi."

"Hata kuchunga ng'ombe wa mtu?"

"Hata kuchunga."

"Hata kumtibu ndama wa jirani, bure, kwa wema?"

"Mboje, sidhani kama kuna ndama pale ninapokaa."

"Kwa hiyo nikae ndani mwaka mzima nakungoja urudi unipikie."

"Wewe ndiye utapika."

Hapo tukacheka wote wawili, na nikafikiri labda haitakuwa vigumu. Lakini alipomaliza kucheka aliuliza swali ambalo nilikuwa naomba asiliulize.

"Na mwaka ukiisha? Hawana karatasi nyingine?"

Ningeweza kudanganya. Upepo ungeupeleka uongo ule mpaka Ziwa Rukwa na asingejua. "Ipo," nikasema. "Mwajiri akinipenda anaweza kuniombea nyingine. Ya miaka mitatu."

Alitikisa kichwa polepole, akaangalia mbali, kule ambako uwanda wetu unaenda mpaka macho yachoke.

"Mwaka nauweza," akasema. "Nimekungoja miwili, wa tatu utanishinda nini? Ninachokiogopa ni hiyo karatasi nyingine. Na ya pili yake. Wapo watu hapa Sumbawanga wana ndugu zao huko, kila mwaka wanarudi mwakani." Kisha akanigeukia. "Wewe unataka nini?"

"Nataka vyote."

"Hilo nalijua. Najua tangu siku ya kwanza nilipokuona unabishana na bwana shamba kuhusu samadi." Akafunga kamba ya zizi, fundo moja, fundo la pili. "Mwambie baba yako. Usimfiche. Mimi nipe siku kadhaa."

"Umekasirika?"

"Nimeumia. Si kitu kimoja."

Jioni ile alipanda lori la kurudi mjini. Aliniaga kwa kunishika mkono mbele ya wazazi wangu, akauachia haraka, na mimi nilibaki nimeushika mkono wangu mwenyewe kama mjinga.

*

Niliwaambia wazazi Jumanne, baada ya sala ya jioni.

Baba hakupiga kelele. Yeye akikasirika hushusha sauti, na ukimsikia ameshusha sauti heri ungesikia kelele. Aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na barua yangu ya Machi aliyoihifadhi ndani ya Biblia.

"Soma hapa."

"Baba, najua nilichoandika."

"Soma."

Nikasoma. Visa yangu inaisha tarehe kumi na tano Juni, na masomo yatakuwa yamekwisha.

"Kuna mahali umeandika utarudi huko?"

"Hapana, baba. Wakati ule sikujua. Mwalimu wangu alinieleza Aprili. Nikaomba, kadi ikaja mwishoni mwa Mei."

"Na kati ya Aprili na leo hakukuwa na kalamu Marekani?"

Nikainamisha kichwa. Kalamu zilikuwepo. Nilijiambia kuwa jambo kama lile linataka kusemwa kwa mdomo, kumbe niliogopa tu.

"Nilimkataa kijana yule," Baba akasema, "nilimkataa mbele ya baba yake, mzee Shigela, aliyetoka bonde la Rukwa na wazee wenzake wanne. Nikaweka sharti nikijua hataliweza. Akaliweza. Mvua inanyesha anakuja, barabara imekatika anakuja kwa miguu. Mimi mwenyewe nimemfundisha Baba Yetu. Leo namwita mwanangu. Halafu jina lake lisomwe mara tatu mbele ya waumini, na bibi harusi apande ndege? Watu watasema nini kuhusu yeye? Watasema nini kuhusu mimi ninayewafundisha watoto wao kutimiza ahadi?"

"Ni mwaka mmoja tu, baba."

"Hata mwezi mmoja. Uliahidi ukimaliza masomo. Umemaliza." Akaikunja barua. "Sikufungi kamba, Hilaria, wewe ni mtu mzima. Lakini amua kabla ya Jumapili. Tangazo la tatu likishasomwa, atakayeondoka ndiye aliyevunja, na mlango huu utauona mzito kuufungua."

Akatoka nje. Mama alibaki anapepeta ulezi, ungo unapanda na kushuka.

"Kazi yenyewe," akasema mwishowe, "ni ya kufanya nini?"

"Kupima udongo, mama. Wa ntumba."

Ungo ukasimama. "Ntumba zipi?"

"Zetu. Nilibeba udongo wa shamba la bibi kwenye kopo la majani ya chai, nikaupima kule. Hawakuamini kwamba mtu anaweza kurundika tuta la mviringo, akafukia nyasi ndani zikaoza, halafu akavuna bila mbolea ya mfuko. Wanataka nifanye jaribio la mwaka mzima, niandike. Mbolea sasa hivi kila mtu anajinunulia mwenyewe, na wengi hawaiwezi. Nikirudi na majibu yale, nitakuwa na kitu cha kuwaambia watu wa kilimo wakanisikiliza."

"Wazungu wamekupa kazi kwa sababu ya matuta ya bibi yako?"

"Ndiyo, mama."

Alicheka hadi akaweka ungo chini, akajifuta macho kwa upande wa khanga.

"Kitu kizuri hicho," akasema. "Na yule kijana ni kitu kizuri. Mimi sijawahi kuchagua kati ya vizuri viwili, mwanangu. Sijui kinachaguliwaje."

Nilisubiri neno kutoka Milanzi Jumatano, Alhamisi na Ijumaa. Hakuna lori lililoleta barua. Jumamosi usiku nilifunga begi, nikalifungua, nikalifunga tena, na asubuhi nilikwenda kanisani sijui kama mimi ni bibi harusi au msafiri. Mwisho niliamua kwa njia ya woga kabisa. Nikasema moyoni: likisomwa, nabaki. Nitasikia jina langu na lake pamoja kwa mara ya tatu, nitaichana kadi, yatakuwa yamekwisha.

*

Alikuwepo. Benchi lile lile, koti lile lile. Hakugeuka.

Misa ilikuwa ndefu siku ile, au mimi ndiye nilikuwa naihesabu. Komunyo ikapita. Padri Alfonsi akafungua daftari. Zamu ya usafi. Mkutano wa wazazi wa watoto wa kipaimara. Maksai mwekundu amepatikana, mwenyewe anashukuru. Mama akanishika mkono.

"Matangazo ya ndoa," padri akasema, na akasoma ya watu wawili wa kigango cha jirani. Kisha akavua miwani, jambo ambalo huwa halifanyi.

"Tangazo la Beda Mboje na Hilaria Gaudensi halitasomwa leo. Limesimamishwa, kwa ombi la bwana harusi."

Kwa ombi la bwana harusi. Kanisa zima likaguna. Nilikuwa nimejikaza kwa macho yatakayonigeukia, na hayakunigeukia. Vichwa vyote vilielekea upande wa wanaume, benchi la tatu, kwa Msukuma aliyebatizwa juzi na leo anamwacha binti wa katekista. Alikaa wima, masikio yamemwiva, anatazama altare. Nyuma yangu mama mmoja akasema, "Maskini binti wa watu."

Nilimkuta Mboje nje, chini ya kengele. Watu walitupisha njia upesi, nadhani walitaka nafasi ya kuona vizuri. Baba alikuwa amenitangulia.

"Ni kweli umeomba wewe?" Baba alimuuliza, kwa ile sauti ya chini.

"Ni kweli, baba. Kosa ni langu. Sikuwa tayari."

"Hukuwa tayari! Baada ya miaka miwili!"

"Ndiyo, baba. Nisamehe."

Baba alimwangalia, akaniangalia mimi. Akaenda zake kuelekea sakristia, mikono nyuma.

Nikamsogelea Mboje. "Umenikataa mbele ya kanisa zima?"

"Sijakukataa. Nimekutoa midomoni mwao."

"Nani alikutuma?"

"Hakunituma mtu. Jana nilikuja kwa padri, nikamwambia kuna kizuizi. Akaniuliza ni kipi. Nikamwambia mwoaji hayuko tayari. Na sikumdanganya, Hilaria. Mimi nilikuwa tayari kumwoa aliyerudi. Wewe hujarudi, umepita tu kutusalimia."

Maneno yale yaliniingia. Nililia pale pale, na sikujali nani anaona.

"Nilikuwa nimeamua," nikasema. "Lingesomwa, ningebaki."

"Ulimwachia padri aamue?" Akatingisha kichwa, na kwa mara ya kwanza siku ile nikaliona tabasamu lake. "Halafu kila nikichelewa kurudi nyumbani, kila mvua ikigoma, uniangalie kwa jicho la yule aliyekuzuia? Simtaki mke wa namna hiyo. Nenda. Kapime huo udongo. Basi la kesho nimekwisha kukuwekea nafasi, upande wa dirisha."

"Na ile karatasi ya miaka mitatu? Si uliiogopa?"

"Naiogopa mpaka sasa." Alikuwa amekwisha kusema, na kilichobaki kilikuwa changu.

Ndipo nikajua ninachotaka, na safari hii sikumwachia mtu aamue. Nilimshika mkono, mbele ya wazee wa kanisa, wanakwaya na wale kina mama waliokuwa wananihurumia, nikamvuta mpaka ofisi ya paroko. Sikupiga hodi.

Padri Alfonsi alikuwa anakunywa chai. "Hilaria. Pole, binti yangu."

"Asante, Padri. Nimekuja kuandikisha matangazo ya ndoa."

Kikombe kikasimama njiani. Akamwangalia Mboje, naye Mboje alikuwa ananiangalia mimi.

"Ya nani?"

"Yetu sisi. Ya mwakani. Kibali changu kinaisha tarehe thelathini Juni. Nipe siku za kusafiri. Soma Jumapili ya tarehe kumi na tatu Julai, na ishirini, na ishirini na saba."

"Mbili zimekwisha somwa."

"Ikipita miezi sita si zinaanza upya?"

"Zinaanza upya, ndiyo."

"Basi zianze upya, tangu la kwanza. Ubatizo wake sikuuona. Tangazo la kwanza sikulisikia, la pili nilikuwa nasinzia. Safari hii nataka nisikie yote matatu kwa masikio yangu, nimekaa pale kwa Mama. Hao wa maabara wakitaka kuniombea karatasi nyingine waiombe, lakini tarehe kumi na tatu mimi nitakuwa hapa."

Mboje alinikamata mkono kwa nguvu, na nikahisi lile kovu la kidole gumba likinikwaruza kiganjani.

Padri aliweka kikombe chini, akafunua daftari kurasa za mwisho kabisa, ambako hapakuwa na maandishi bado. Akaandika mwaka juu ya ukurasa, 1997, na chini yake zile tarehe zote tatu. Alikuwa anatumia penseli.

"Padri," sauti ikasema mlangoni.

Sijui Baba alikuwa amesimama pale tangu lini. Alikuwa ameshika kofia yake kifuani, na macho yake hayakuwa makavu. Hakunitazama mimi wala Mboje. Alipita katikati yetu mpaka mezani, akachomoa kalamu kwenye mfuko wa koti, ile ile anayoandikia majina ya wanaobatizwa, akaiweka juu ya daftari.

"Penseli inafutika," akasema. "Andika kwa wino."